Mkate Bila Ngano: Unga Wake Tayari Tunao

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Bura na vijiji jirani

  

Leo tunataka kuzungumza juu ya mkate. Si mkate wa dukani, wala si mahamri ya asubuhi ambayo sote twayapenda. Ni mkate usiokuwa na ngano hata chembe. Mtauliza, kwani kuna haja gani, na unga wa ngano unauzwa kila duka kutoka Mwatate hadi Voi? Haja zipo mbili. Ya kwanza, wako watu, wakubwa kwa wadogo, ambao ngano inawaumiza tumboni, na wengi wao hawajui. Ya pili, ngano tunainunua kwa pesa, lakini mtama, muhogo na pojo tunaweza kulima wenyewe.

Tuanze na ile ya kwanza, maana ndiyo inayogusa uhai wa mtu.

Ngano ina nini?

Fanyeni jaribio hili nyumbani. Chukua konzi moja ya unga wa ngano, ukande kwa maji mpaka uwe donge. Halafu lioshe donge hilo ndani ya bakuli la maji, ukiliminya polepole. Maji yatakuwa meupe kama maziwa. Huo ni wanga unaotoka. Badilisha maji, endelea mpaka yaanze kutakata. Mkononi utabaki na kitu cha kijivu, kinachonata na kuvutika kama ulimbo. Hicho ndicho kinachoitwa gluteni. Ndicho kinachofanya chapati ivutike isikatike, na ndicho kinachoshika hewa ya hamira mkate ukaumuka. Sasa fanya vivyo hivyo kwa unga wa mahindi au wa mtama. Donge lote litayeyuka majini, na mkononi hutabaki na kitu.

Gluteni imo katika ngano, katika shayiri, na katika nafaka iitwayo rai ambayo huku kwetu hailimwi. Watu wengi huila bila shida yoyote. Lakini uko ugonjwa uitwao seliaki. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mdogo kuna vinyweleo vidogo sana, kama vile vya taulo, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vinyweleo hivyo vinalala na kwisha. Basi mtoto anakula, lakini chakula hakimjengi. Anaharisha wiki baada ya wiki, tumbo linajaa, mikono na miguu inakonda, kimo hakiongezeki. Kwa mtu mzima dalili huweza kuwa upungufu wa damu usiosikia dawa, uchovu, maumivu ya tumbo, au mifupa kuwa dhaifu.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mtu huzaliwa na mwelekeo wake, na mara nyingi hupatikana kwa zaidi ya mmoja katika ukoo. Hauna dawa ya kumeza. Tiba yake ni moja tu: kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Mgonjwa akiiacha, utumbo unapona polepole na mtoto anaanza kukua.

Aliyefumbua jambo hili ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Tayari katika miaka ya 1930 alikuwa akishuku mkate. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, Uholanzi ilikumbwa na njaa kali na mkate ukaadimika. Watu walikonda, lakini watoto waliokuwa na ugonjwa huu walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Dicke aliandika matokeo ya utafiti wake mwaka wa 1950.

Na msidhani huu ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Mwaka wa 1999 madaktari walitangaza kwamba kati ya watoto wa Kisahrawi wa Afrika Kaskazini waliopimwa, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Wale ni watu wa jangwani ambao siku hizi chakula chao kikubwa ni ngano. Sisi pia tunazidi kula ngano: chapati, maandazi, mkate, tambi, biskuti.

Tunapotembelea nyumba tunasikia maneno mazito yakisemwa juu ya mama mwenye mtoto asiyenenepa. "Yule hamlishi mtoto." "Yule mtoto ametazamwa na jicho baya." Huku mama wa watu anauza kuku wake wa mwisho amnunulie mtoto mkate na biskuti, ati apate nguvu. Ikiwa mtoto huyo ana seliaki, basi pesa zile za kuku ndizo zinazomdhuru. Tusimlaumu mama. Tumsaidie afike hospitali.

Kwanza hospitali, halafu jikoni

Hapa tunaomba msikilize kwa makini. Dalili tulizotaja ni dalili za magonjwa mengi. Minyoo huleta hayo. Amiba pia. Kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, na utapiamlo wenyewe pia huleta hayo, na magonjwa hayo yako mengi kwetu kuliko seliaki. Kwa hivyo mtu asije akatoka hapa akasema, "Nimeshajua ugonjwa wa mwanangu, ni ngano." La. Nenda zahanati, kisha hospitali ya Wesu au Hospitali ya Moi ya Voi, na ukiandikiwa kwenda hospitali kubwa zaidi, nenda. Mtoto anayeharisha huku macho yameingia ndani na hakojoi, huyo apelekwe siku hiyo hiyo.

Jambo jingine. Usimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta alama ambazo mwili hutoa wakati mtu anakula gluteni. Akiwa ameiacha muda mrefu, kipimo kinaweza kusema hana ugonjwa, kumbe anao. Apimwe kwanza, ndipo aache.

Mkate bila ngano si jambo geni

Wazee wetu wa hapa Taita walikula mtama, wimbi, ndizi, viazi vitamu na kimanga cha muhogo au ndizi kwa maharagwe. Hakuna gluteni hata moja hapo. Mahindi, mchele, mawele, nduma, kunde, pojo, mbaazi, vyote hivi ni salama.

Na mkate je? Teremkeni Mombasa mtaukuta mkate wa kumimina, unaotengenezwa kwa mchele na tui la nazi. Uko pia mkate wa mofa, ambao asili yake ni unga wa mtama. Ethiopia wanaoka injera kwa nafaka ndogo iitwayo tefu. Hawa wote walioka mikate kabla ya sisi kuanza kusumbuka na bei ya ngano. Ila siku hizi wapishi wengine huongeza ngano kidogo ndani ya mikate hiyo, basi kwa mgonjwa ni lazima kuuliza kabla ya kula.

Tahadhari za unga

Unga wa nyumbani ni mzuri, lakini una hatari zake tatu.

1. Muhogo mchungu. Una sumu. Mahali ambapo watu walikula muhogo huo wakati wa njaa bila kuuandaa vya kutosha, katika Kongo, Msumbiji na Tanzania, walipatwa na ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafula na hauponi. Tumieni muhogo mtamu. Ikiwa hamna hakika, menyeni, loweka siku 3 mpaka ulainike, anika mpaka ukauke kabisa, ndipo msage. Na iko njia ya kuongeza usalama: changanya unga na maji, uutandaze juu ya sinia kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache juani saa 2 au kivulini saa 5. Sumu iliyobaki huondoka na hewa. Unga huo upikwe siku hiyo hiyo. Ukitaka kuuokea mkate, punguza maji ya kukorogea.

2. Mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka wa 2004, jirani zetu wa Ukambani, hasa Makueni na Kitui, walikula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Watu 125 walikufa. Kuoka hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi, mtama au njugu zilizoota ukungu tusizitumie, wala tusiseme, "Tukizichanganya hazitajulikana."

3. Mashine ya posho. Ikiwa imesaga ngano, au uji wa mchanganyiko wenye ngano, vumbi linabaki ndani. Mwombe mwenye mashine aipanguse, upitishe kwanza kilo moja au mbili za mtama wako. Unga huo wa kwanza wapewe wasio na ugonjwa. Unaofuata ndio wa mgonjwa. Kwa kiasi kidogo, kinu na mchi vya nyumbani vinatosha.

Namna ya kuoka

Kumbukeni lile donge tulilolisafisha. Unga wetu hauna ulimbo wa kushika hewa. Basi ni lazima tuupe kitu kingine cha kushikia, nacho ni uji wa muhogo pamoja na mayai. Na kwa sababu hauna ulimbo, hakuna kukanda. Ukitafuta donge la kukanda kama la chapati utapata jiwe. Tunataka rojo, kama rojo la kaimati.

Mahitaji ya mkate mmoja:

Unga wa muhogo vikombe 2
Unga wa mtama kikombe 1
Unga wa pojo robo kikombe
Mayai 2
Hamira vijiko vidogo 2
Sukari vijiko vikubwa 2
Chumvi kijiko kidogo 1
Mafuta vijiko vikubwa 3
Maji, kama vikombe 2

Pojo tunaziweka kwa sababu muhogo ni wanga mtupu. Haujengi mwili wa mtoto. Pojo na mayai ndiyo yanayojenga.

Kazi yenyewe:

1. Toa vijiko vikubwa 3 vya ule unga wa muhogo, uvikoroge katika kikombe 1 cha maji baridi. Weka motoni, koroga bila kuacha mpaka uwe uji mzito unaong'aa na kuvutika. Epua, uache upoe mpaka uwe vuguvugu. Uji wa moto huua hamira.

2. Weka hamira na sukari katika nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Ngoja dakika 10 mpaka povu litokee. Lisipotokea, hamira hiyo imekufa, usipoteze unga wako.

3. Changanya unga wote uliobaki na chumvi. Pigapiga mayai, yatie pamoja na mafuta, hamira na uji. Koroga kwa mwiko kwa nguvu dakika 5. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka upate rojo zito linalodondoka polepole kutoka kwenye mwiko.

4. Paka mafuta kopo au sufuria ndogo, mimina rojo lifike nusu yake tu. Funika, weka mahali penye joto dakika 30 hadi 45. Likipanda kiasi cha theluthi au karibu nusu, linatosha. Ukingoja lipande mara mbili kama la ngano, litaanguka jikoni.

5. Tayarisha tanuri mapema. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu chini, ifunike na uipashe moto. Weka kopo ndani, funika kwa mfuniko wa bati, weka makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, usije ukaunguza kitako na ndani kukawa kubichi. Oka kama dakika 50 hadi saa nzima. Choma katikati kwa njiti safi. Ikitoka kavu, mkate umeiva.

6. Toa, uache upoe kabisa kabla ya kukata. Hapa wengi hushindwa kuvumilia kwa sababu ya harufu. Ukiukata ungali moto, ndani utanata na utadhani haukuiva.

Mkate huu hauwi mwepesi kama wa dukani. Ni mzito kidogo, unashibisha, na hukauka haraka. Uleni siku hiyo. Ukibaki, kesho yake uchomeni kidogo juu ya makaa au uwekeni kwenye mvuke.

Kwa siku ya furaha oka mkate wa kumimina. Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, uuchuje, uutwange au uusage na kikombe kimoja na nusu cha tui zito mpaka ulainike. Tia sukari nusu kikombe, iliki, hamira kijiko kidogo 1 na ute wa yai moja. Acha uumuke mpaka ufanye povu. Mimina katika sufuria ya moto iliyopakwa mafuta, weka moto mdogo chini. Vikitokea vitundu juu, funika na uweke makaa juu mpaka uwe wa rangi ya dhahabu.

Usafi wa jikoni

Kwa mwenye seliaki, kidogo pia ni kingi. Chembe za unga wa chapati zilizobaki kwenye chekeche zinatosha kumwumiza. Kwa hivyo awe na chekeche yake, mwiko wake na kibao chake. Okeni mkate wake kwanza, ndipo mpike chapati za wengine. Usikaange mihogo yake katika mafuta yaliyokaanga maandazi.

Someni karatasi za paketi. Unga wa uji wa mchanganyiko mara nyingi huwa na ngano. Mtoto anaweza kuachishwa chapati na bado akanyweshwa ngano kila asubuhi kwenye kikombe cha uji. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wa shule amsomee. Mwambieni pia mwalimu wa shule, ajue kwamba mtoto huyu hakatai chakula kwa kiburi.

Na wengi wametuuliza juu ya Komunyo Takatifu. Hostia ni lazima iwe ya ngano. Lakini Kanisa limeruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, na barua za Roma za mwaka 2003 na 2017 zimeeleza hivyo. Hostia zisizo na gluteni kabisa hazikubaliki. Asiyeweza hata kiasi hicho kidogo anaweza kupokea katika kikombe peke yake. Msinyamaze kwa aibu. Mwoneni padre mapema, kabla ya Misa.

Mfuko wa kikundi

Sasa ile haja ya pili. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Vita vilipoanza Ukraine mwaka wa 2022, bei ilipanda mpaka huku kwetu, ingawa hatujagombana na mtu. Mtama unavumilia ukame wetu wa nyanda za chini kuliko mahindi, na muhogo hungoja ardhini. Kikundi kinachojua kuoka kwa unga huu kina pa kushika bei ikipanda.

Lakini tusidanganyane. Mkate huu si wa bure. Kabla ya kuuza, okeni mikate mitatu na muandike kila shilingi: unga, kusaga, mayai, mafuta, hamira, makaa, nauli. Yai la kuku wako lina bei, maana ungeliweza kuliuza. Saa zenu za kazi pia zina bei. Gawanyeni kwa mitatu, ndipo mjue mkate mmoja umewagharimu kiasi gani. Kama soko haliwezi kulipa zaidi ya hapo, basi okeni wa nyumbani tu, wala hiyo si hasara.

Tena msiuze mkate huu kama dawa. Msimwambie mtu ati utamponya sukari, presha au vidonda vya tumbo. Ni chakula. Na msiseme hauna ngano kabisa ikiwa mmeuokea katika jiko lenye vumbi la ngano, maana mteja mmoja mgonjwa akiwaamini ataumia.

Tunamalizia kwa ombi. Ikiwa katika kijiji chenu yuko mtoto mmoja aliyepimwa na kuambiwa asile ngano, kikundi kisimwachie mama yake mzigo peke yake. Mnapokutana kwa chai, mkate usio na ngano uwe mezani, wote wale huo huo. Mtoto asikae pembeni na kiazi chake akiwatazama wenzake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mtoto asiyenenepa husemwaje? Mama yake hupata msaada gani kutoka kwetu?

2. Ni unga gani tulio nao majumbani mwezi huu, bila kununua? Tunauhifadhi vipi usiote ukungu?

3. Nani kati yetu ana jiko, sufuria kubwa na mchanga wa kuanzia? Tutaoka lini mkate wa majaribio, na nani ataandika gharama?

4. Tukimwona mtoto mwenye dalili tulizozitaja, nani atamsindikiza mama hospitali, na nauli itatoka wapi?

 Mungu awabariki, na mikono yenu isikose unga.